Jinsi ya kuzunguka majumba ya masultani Zanzibar usirudi na selfi tu

Kila nikimuuliza mtu aliyetoka Unguja "haya, majumba ya masultani umeyaonaje?" jibu ni lilelile, mazuri, ya zamani, kuta nene, halafu simu inatolewa naonyeshwa picha ya mlango. Mlango! Umevuka bahari umerudi na mlango. Lakini sicheki mtu, mi mwenyewe mara ya kwanza nilikuwa hivyohivyo, nimeshuka boti saa 4 asubuhi, saa 6 nishamaliza kila kitu, nikaenda kula urojo, na ukiniuliza leo niliona nini siku ile nakumbuka urojo tu. Mara ya pili nilienda na mama yangu na wanangu wawili, mama akanivurugia ratiba yote, na kumbe ndo alikuwa sawa, kwa hiyo mengi ya humu ni ya kwake, mi nayaandika tu.

Kosa tunalofanya wengi ni kuanzia mjini kwa sababu boti inakushusha palepale. Unaingia Forodhani, ile bustani ya mbele ya bahari, unaona Beit al-Ajaib, yaani Nyumba ya Maajabu, unaona lile jumba jeupe la jirani yake, basi umemaliza. Mama alikataa. Alisema hadithi haianzii katikati, nipeleke kwenye nyumba ya kwanza kabisa, ya baba wa masultani hao, halafu tushuke kwa watoto wake. Nikaona usumbufu, lakini ukishafanya hivyo mara moja huwezi kurudia ule mtindo wa zamani. Yazunguke majumba kwa kufuata miaka yaliyojengwa, siyo kwa kufuata ukaribu wa barabara. Ukifika la mwisho utakuwa na kitu kifuani ambacho hakuna mtembeza wageni atakayekuambia.

Kabla hujapanda boti jifunze ukoo kwanza. Usihangaike na tarehe nyingi, jifunze kama umbea wa mtaani, nani mtoto wa nani na nani kagombana na nani. Seyyid Said bin Sultan ndo baba, mtawala wa Oman aliyehamishia makao yake Unguja, akafa 1856 akiwa baharini njiani anarudi Unguja. Mwanawe Majid akakalia kiti cha Zanzibar. Mdogo wake Barghash hakukubali, 1859 akapanga kumpindua kaka yake, na barua za mpango ule nani alikuwa anaandika? Dada yao Salme, binti wa miaka 15, ambaye kuandika alijifundisha mwenyewe kwa siri kwa kunakili herufi za Qurani kwenye mfupa wa bega la ngamia maana watoto wa kike walifundishwa kusoma tu. Mpango ukafeli, Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. 1866 Salme akapata ujauzito wa Mjerumani mfanyabiashara aliyekuwa jirani, Heinrich Ruete, akatoroka na meli ya Waingereza, akabatizwa akaitwa Emily, akaolewa, akaishi Ujerumani, mume akafa kwa ajali ya tramu mwaka 1870, na mwaka huohuo Majid naye akafa huku nyumbani na Barghash akakalia kiti. Hebu niambie, ukiwa na hii kichwani unahitaji tamthilia gani tena? Mama alisimuliwa yote hii ndani ya boti, tulipofika bandarini Malindi, palepale Unguja, alikuwa keshachagua upande. Alikuwa upande wa Salme.

Siku ya kwanza panda daladala ya Bububu, namba 502. Sasa sikiliza, ukitoka mjini utaipita Maruhubi kwanza kabla ya Mtoni, na utashawishika kushuka. Usishuke. Maruhubi ni ya Barghash, mtoto, na sisi tunaenda kwa baba. Mwambie konda akushushe Mtoni, karibu kabisa na bahari.

Mtoni ndo kasri la zamani kuliko yote ya masultani pale, la Seyyid Said, limesimamishwa kati ya mwishoni mwa miaka ya 1820 na mwanzoni mwa miaka ya 1830, na Salme kazaliwa humo 1844. Nakuambia mapema usije ukanilaumu, ni magofu. Kuta, matao, majani, bahari. Wengi wanakaa dakika 10 wanaondoka wamenuna kwamba wamepigwa. Dawa yake ni kuingia na maelezo ya mwenyewe aliyekulia humo. Salme aliandika kumbukumbu zake zikatoka kwa Kijerumani 1886, na anasimulia nyumba yenye watu wapata elfu moja, uani kuna tausi, paa, mbuni na flamingo wanatembeatembea, na upande wa baharini kuna baraza la duara ambapo baba yake alikuwa akitembea mbele na nyuma amezama kwenye mawazo. Tafuta kipande cha maelezo hayo usome ukiwa umesimama palepale kwenye ua, kwa sauti, watoto wasikie. Wanangu walikuwa wanalalamika jua, nilipofika kwenye mbuni wakanyamaza, dakika mbili baadaye mmoja kashakuwa mbuni anamkimbiza mwenzake kati ya matao, na hapo ndo nikaliona lile jumba kwa mara ya kwanza, limejaa makelele ya watoto kama lilivyokuwa.

Mama yeye alikuwa anatafuta kitu kingine. Akaniuliza, jiko lilikuwa wapi? Watu elfu moja wanakula, nani alikuwa anapika, nani anachota maji? Nikamwambia mama, watumwa. Akasema basi wengi waliokaa humu walikuwa ni watumwa, mbona tunataja jina la sultani peke yake. Sikuwa na jibu. Lakini ni swali zuri sana la kutembea nalo kwenye jumba lolote la kifalme, na ukilibeba utaanza kuona njia za nyuma, ngazi nyembamba, visima, vitu ambavyo kwenye picha zako vinakuwa pembeni. Karafuu ndo ilikuja kulisha nyumba zile, na karafuu ilichumwa na watumwa, hakuna njia ya mkato kwenye hilo.

Kutoka hapo nenda Bububu, halafu chukua bajaji au bodaboda ipande mpaka Kidichi, kwenye bafu la Kiajemi. Seyyid Said alilijenga 1850 kwa ajili ya mkewe Schehrezade, mjukuu wa Shah wa Uajemi. Nje kidogo tu, kuba nyeupe katikati ya mashamba ya viungo, unaweza ukasema ni kaburi. Ndani ndo kuna mapambo ya lipu yaliyochongwa kwa mtindo wa kwao, maua, ndege, mitende. Ndege! Kwenye jengo la sultani wa Waomani, ambao wenyewe walikuwa hawapendi mapambo mengi. Unaona kabisa mwanamke kaletwa mbali na kwao na kaja na kwao. Mama alisema bafu lao limepambwa kuliko sebule yetu, na akakaa kwenye benchi la mawe akakataa kuondoka, na mi sikumharakisha maana ndani kuna ubaridi. Nenda na tochi ya simu, mwanga ni hafifu na mapambo yapo juu. Ukiwa umelipia safari ya mashamba ya viungo ulizia kama wanapita hapo, nyingi zinapita, utaokoa nauli.

Jioni ukirudi mjini sasa shuka Maruhubi. Barghash alilijenga mwanzoni mwa miaka ya 1880, likaungua 1899. Zimebaki nguzo nene zilizosimama zenyewe bila kitu juu, bafu, na mabwawa yenye maua ya yungiyungi. Nguzo zile zilikuwa zimebeba baraza la mbao, ndo maana moto ulipopita umeacha miguu tu. Hapa utasimuliwa masuria 99 na mke mmoja, kila mtembeza wageni anaijua hiyo namba na hakuna hata mmoja anayetaja jina la suria hata mmoja, mi naichukua kama hadithi. Kama umebakiwa na dakika teremka mpaka pwani, sehemu hizo mafundi wamekuwa wakichonga na kutengeneza majahazi tangu zamani, na watoto watapenda hapo kuliko nguzo.

Kuna jumba lingine ambalo halimo kwenye ratiba za wengi, Dunga, katikati ya kisiwa barabara ya Chwaka. Hilo siyo la sultani wa Kiarabu, ni la Mwinyi Mkuu, mtawala wa wenyeji. Muhammad bin Ahmed alilijenga kati ya 1846 na 1856, akafa 1865, mwanawe Ahmed akafa 1873 na ukoo wa utawala ukaishia hapo. Alama zao za ufalme zilikuwa ngoma na siwa, lile baragumu kubwa la kifalme. Magofu madogo, kimya, mara nyingi uko peke yako. Watakuambia damu ya watumwa ilichanganywa kwenye chokaa, na hilo nalo pokea kama linavyosimuliwa. Kama una siku tatu nenda, kama una mbili sikulazimishi, ila ukweli ni kwamba nilisoma Zanzibar shuleni miaka yote ile na hili jina Mwinyi Mkuu nililikuta Dunga nikiwa na watoto wawili, sijui nilikuwa nimelala darasani au vipi.

Siku ya pili ndo ya mji. Amka mapema, kabla joto halijawa joto na kabla vikundi vya watalii havijajaa kwenye vichochoro. Mavazi, jamani, funika mabega na magoti, ni mji wa Waislamu na utapita kwenye mitaa watu wanayoishi, siyo makumbusho yote yale. Beba kitambulisho maana kiingilio cha mwananchi na cha mgeni ni tofauti kabisa, na beba hela taslimu ndogondogo.

Papasi watakuja. Hao ni vijana wanaokukamata tangu bandarini na kujipa kazi ya kukutembeza. Siyo wote wabaya, lakini kuna mmoja alinizungusha mara ya kwanza saa nzima kumbe tunazunguka maduka ya shemeji zake. Sasa hivi nina kipimo changu, kabla ya kukubaliana na mtu namuuliza "kati ya Majid na Barghash nani mkubwa?" Akijua tunaenda, akisema bro zote hizo ni historia tu mi nakupeleka kwenye vitu vizuri, namuaga kwa adabu. Na ukimpata mzee mwenyeji anayejua, msalimie vizuri kwanza, shikamoo mzee wangu, kaa naye barazani, usimkimbize na maswali, wazee wa Mji Mkongwe ukiwapa muda wanakufungulia stoo.

Beit al-Ajaib. Hapa lazima niseme ukweli wengine wasije wakapanga safari nzima kwa ajili yake. Barghash kalijenga 1883, likawa jengo la kwanza Zanzibar kuwa na umeme na la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti, ndo maana likaitwa nyumba ya maajabu. Desemba 2012 kona moja ya baraza ilidondoka, halafu tarehe 25 Desemba 2020 upande mkubwa ukaporomoka kabisa wakati wa ukarabati na mafundi wawili wakafariki. Kwa hiyo ulizia kwanza hali ya ukarabati ikoje kabla hujaahidi watoto lifti, na ikibidi liangalie kwa nje. Na kwa nje pia lina kazi yake. Simama Forodhani geuka uliangalie, hesabu ghorofa, angalia zile nguzo za chuma, halafu kumbuka Bombay. Kijana aliyefukuzwa kwao akakaa mji mkubwa wa Wahindi na Waingereza, akarudi, akapata kiti, akaanza kujenga. Huyohuyo ndo alivuta maji ya mabomba mpaka mjini, huyohuyo ndo alisaini 1873 kufunga soko la watumwa baada ya kubanwa na Waingereza. Kulikuwa na majumba matatu yamepangana pale baharini, Beit al-Ajaib, Beit al-Hukm na Beit al-Sahel, na yaliunganishwa kwa madaraja ya juu ili wanawake wa nyumba wapite bila kuonekana barabarani. Binti yangu alisimama chini akaangalia juu muda mrefu, akauliza, walikuwa wanatuona sisi? Nikamwambia wao wanakuona wewe huwaoni. Hakupenda kabisa.

Halafu unawaambia hadithi ya tarehe 27 Agosti 1896. Khalid, mtoto wa Barghash, kajiweka kwenye kiti bila ruhusa ya Waingereza, meli zao zikapiga kutoka hapohapo mbele ya Forodhani, dakika zisizofika hamsini vita vimeisha. Beit al-Hukm ikapotea, Beit al-Sahel ya zamani ikapotea, Khalid kakimbilia ubalozi wa Wajerumani. Ukiangalia bahari kutoka pale halafu ukageuka uangalie majumba utaelewa haraka kwa nini haikuchukua muda, yamekaa wazi kabisa kama sahani mezani.

Sasa, kama liko wazi siku hiyo, ingia Beit al-Sahel, lile jeupe, lililojengwa upya baada ya vita. Hili ndo makumbusho ya kasri tangu 1994 na vyumba vimepangwa kwa vipindi, chini miaka ya Seyyid Said na mikataba ya biashara na wakubwa wa dunia, ule wa Marekani ni wa 1833, juu yake kipindi cha Barghash na fahari zake, viti vizito, meza za karamu, picha kubwa za masultani wamevaa majambia. Kuna chumba cha Bibi Salme pia. Mpe muda chumba hicho. Mama alikaa humo mpaka nikaanza kuona aibu. Salme alifariki 1924 Ujerumani, na husimuliwa kwamba alizikwa na kifuko cha mchanga wa pwani ya Unguja alichokuwa amekitunza miaka yote, mama kusikia hivyo akatoa kitambaa.

Usikimbilie ghorofa ya juu kabla ya hizo za chini, tafadhali, maana ya juu haina maana ukiiona peke yake. Ile ni ya Sultan Khalifa bin Harub, aliyekaa kwenye kiti kuanzia 1911 mpaka 1960, karibu miaka 50, chini ya ulinzi wa Waingereza muda wote. Umetoka kwa baba mwenye watu elfu na mbuni uani, umepita bafu la maua ya Kiajemi, umepita nguzo za Maruhubi, umepita lifti, sasa unapanda ngazi unategemea maajabu zaidi, unafika, unakuta kabati la fomaika. Fomaika! Ile plastiki ngumu ya kubandika juu ya mbao, ileile ya makabati ya miaka ya 60 tuliyoyakuta kwa bibi zetu. Kitanda cha kawaida, vitu vya mtu aliyestaafu. Watalii wengi wanapita hapo haraka wanasema hakuna kitu, mi nasema ndo chumba bora Zanzibar nzima, lakini uwe umekuja kwa njia ndefu. Mwanangu mkubwa aliniuliza kwa sauti watu wote wakasikia, "kwa hiyo waliishiwa?" Mzee mmoja mgeni kama sisi akacheka, akasema mjukuu wangu, hukuona hela zilikuwa zinahama nyumba? Nikabaki naangalia lile kabati.

Wa mwisho alikuwa Jamshid, aliyeondolewa na mapinduzi tarehe 12 Januari 1964, akaishi Uingereza miaka mingi, Portsmouth, akaruhusiwa kurudi Oman 2020 na akafariki huko mwishoni mwa 2024. Ukitoka ulizia makaburi ya pembeni ya jumba, Seyyid Said na Barghash wamelala hapo. Ni padogo. Kama ni Muislamu soma dua yako, kama siyo tulia tu, na simu weka mfukoni.

Halafu tembea mpaka Mkunazini lilipokuwa soko la watumwa. Usiache hapo hata kama miguu imekwisha. Lile swali la mama la nani alikuwa anapika lilikuwa linasubiri hapo.

Ukikuta kitabu cha wageni mahali popote andika, lakini acha ule ugonjwa wa "nice place". Nimevipekua vile vitabu, ukurasa mzima ni pazuri sana, nimefurahi, mungu awabariki. Njia rahisi ni hii, andika kitu kimoja tu ambacho usingekijua kama ungebaki nyumbani, na ukitaje kwa jina lake. Watoto waache waandike wenyewe na makosa yao ya herufi. Mama hakuona vizuri, akamwambia mjukuu wake andika hivi ninavyosema: "Kabati la sultani na langu ni moja, ila langu lina kioo." Akasaini jina lake lote na la baba yake.

Jambo la mwisho la kiufundi, boti ya kurudi Dar wahi kupanda ukae upande wa kushoto, nje kama wanaruhusu. Ikitoka bandarini inapita mbele ya mji na unayaona yote kwa mstari, Beit al-Sahel jeupe, kibanja wazi lilipokuwa Beit al-Hukm, Beit al-Ajaib na vyuma vyake vya ukarabati, Ngome Kongwe, kama walivyoyaona waliokuja na majahazi. Mama aliyahesabu kwa kidole akiwataja majina, huyu baba, huyu mtoto, huyu mjukuu, mpaka tukaipita Shangani mawimbi yakaanza na akaomba mfuko wa kutapikia.